Mtoto Mwepesi wa Hesabu

Wazee wetu walituachia mithali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mwalimu wa watoto wadogo amepata kuzisikia mithali hizi zikishindana moyoni mwake saa ya hesabu. Mtoto mmoja amekwisha kufanya hesabu zote kumi zilizo ubaoni, na wenziwe wangali katika ya tatu. Amefumba daftari lake, anatazama dirishani. Je, apelekwe mbele, au angoje wenziwe?

Walimu wengi hujibu kwamba angoje. Kuna taarifa moja mashuhuri ya Marekani inayosema kwamba jibu hilo ni kosa, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu yaliyomo ndani yake, kisha kuipima kama ipasavyo kupimwa kila neno linalohusu watoto. Jina lake ni A Nation Deceived, yaani Taifa Lililodanganywa. Ilitolewa mwaka 2004 na Chuo Kikuu cha Iowa, na waandishi wake ni Nicholas Colangelo na Susan Assouline wa Iowa, pamoja na Miraca Gross wa Australia. Ni vitabu viwili: cha kwanza ni chepesi, kimeandikwa kwa ajili ya wazazi na walimu, cha pili kina ushahidi wa wataalamu. Mwaka 2015 ikafuata taarifa nyingine ya kuendeleza ile ya kwanza.

Neno lake kuu ni hili: mtoto aliye tayari kwa somo la mbele apewe somo la mbele, wala asizuiwe kwa sababu ya umri wake. Waandishi wanahesabu njia 18 za kumtanguliza mtoto. Hatuna nafasi ya kuzieleza zote, lakini zile zihusuzo hesabu za watoto wadogo ni chache na zafahamika upesi. Mtoto aweza kurushwa darasa zima, akatoka la pili akaingia la nne. Aweza kubaki katika darasa lake kwa masomo mengine yote, ila saa ya hesabu akaenda kuketi na wakubwa. Aweza kupimwa kabla ya somo kuanza, na yale anayoyajua tayari yakaondolewa, akafundishwa asiyoyajua tu. Tena kundi la watoto waweza kupitishwa katika kazi ya miaka mitatu kwa miaka miwili, pasipo kuruka kitu chochote.

Elimu hii ina mizizi ya zamani kidogo. Katika mji wa Baltimore, kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikuwako mtaalamu jina lake Julian Stanley (1918–2005). Mwaka 1969 kijana mmoja aliyempima aliingia chuo kikuu hicho akiwa na umri wa miaka 13, naye akaweza masomo. Mwaka 1971 Bwana Stanley alianza uchunguzi wa watoto hodari wa hesabu, na mwaka 1972 akawakusanya vijana wa umri wa miaka 12 na 13 akawapa mtihani wa hesabu uliowekwa kwa wale wanaotaka kuingia chuo kikuu. Watu walishangaa, lakini hoja yake ilikuwa nyepesi. Ukiwapima watu warefu kwa fimbo fupi, wote wataipita fimbo, nawe hutajua nani amemzidi mwenziwe. Vivyo hivyo watoto watatu waweza kupata alama zote katika mtihani wa darasa lao: mmoja ameufikia ukomo wa uwezo wake, mwingine aweza kazi ya mwaka ujao, na wa tatu aweza kazi ya miaka mitatu mbele. Mtihani wa darasa lao hauwezi kuwatenga. Watoto wadogo nao hupimwa kwa kanuni hiyo hiyo, kwa mtihani wa darasa la juu yao.

Yaliyo mema katika taarifa hii tuyasifu bila kinyongo. Kwanza, inavitaja vitisho vya walimu kimoja kimoja na kuvijibu. Twaogopa kwamba mtoto atakosa rafiki, kwamba atanyang'anywa utoto wake, kwamba wenziwe watamwonea uchungu, kwamba atachoka njiani. Ushahidi uliokusanywa katika kitabu cha pili waonyesha kwamba watoto waliotangulizwa kwa uangalifu hujifunza zaidi kuliko wenzao wa akili ile ile walioachwa nyuma, na kwamba kwa kawaida hawadhuriki katika mwenendo wao na watu. Baadaye, mwaka 2013, wachunguzi walioendeleza kazi ya Bwana Stanley walieleza habari za wale waliorushwa madarasa, wakilinganishwa na wenzao waliokuwa sawa nao utotoni lakini hawakurushwa. Katika elimu ya hesabu na sayansi wale wa kwanza walipata shahada za juu kwa wingi zaidi, tena mapema zaidi.

Pili, waandishi hawasemi kila mtoto mwepesi arushwe ovyo. Iowa kuna kipimo kilichotungwa cha kuwasaidia walimu na wazazi kuamua pamoja. Kipimo hicho chamkataza mtoto asirushwe ikiwa mwenyewe hataki, na chakataza asipelekwe katika darasa alimo ndugu yake. Mtu aliyeandika hivyo anajua nyumba za watu zilivyo. Ndugu mkubwa kupitwa na mdogo mbele ya darasa zima ni kidonda kisichopona upesi.

Tatu, inatuonyesha hasara ya kungoja, ambayo sisi walimu huisahau kwa kuwa haipigi kelele. Mtoto mzito akishindwa, twamwona. Mtoto mwepesi akikaa bure, twasema, Huyu hana taabu. Kumbe anayo. Kila siku anajifunza kwamba hesabu ni kitu kisichohitaji juhudi. Hajapata kukosa, hajapata kufuta na kuanza tena, hajapata kulala na swali moja kichwani hata asubuhi. Siku atakapokutana na hesabu ngumu kweli, labda akiwa na miaka kumi na mitano, atadhani akili zake zimekwisha, kumbe ni mazoea ya kazi ndiyo hakuyapata. Watoto wa namna hiyo wamepotea wengi, na hakuna aliyewaandika katika daftari la waliopotea.

Basi sasa tuseme na yaliyopungua.

La kwanza ni jina lenyewe. Nani aliyedanganya? Mwalimu anayemzuia mtoto darasani humzuia mara nyingi kwa kumhurumia, au kwa sababu ana watoto wengi na mikono miwili. Kumwita mdanganyifu si njia ya kumgeuza. Tena taarifa hii imeandikwa kwa sauti ya wakili, wala si kwa sauti ya hakimu. Watoto wengi ambao habari zao zimekusanywa humo walichaguliwa kwanza, na wazazi au walimu walioona kwamba wako tayari. Kwamba hao walifaulu, twakubali. Lakini haifuati kwamba kila atakayesukumwa atafaulu. Yafuata kwamba uchaguzi mwema ndio nusu ya kazi.

La pili ni kwamba inapita upesi mno juu ya mambo ya kila siku. Kumpeleka mtoto wa darasa la pili akajifunze hesabu na darasa la nne ni jambo jepesi kwa kusema. Lakini ikiwa darasa la pili lina hesabu saa mbili na darasa la nne lina hesabu saa tano, mtoto atakosa somo lake la kusoma kila siku. Ratiba yapasa ipangwe hesabu ziwe saa moja katika madarasa yote. Na je, mtoto huyo akifika darasa la mwisho, naye amekwisha kumaliza hesabu za shule nzima, atafundishwa nini? Huko Marekani kwenyewe wazazi wengi wamekutana na shida hiyo: shule ya juu i mbali, na shule ya chini haina cha kumpa. Mwenye kumtanguliza mtoto leo hana budi kuitazama njia hata mwisho wake.

La tatu ni kubwa zaidi. Taarifa yatazama sana umbali aliokwenda mtoto, wala haitazami vya kutosha kina alichofika. Tuchukue mfano. Mtoto mwepesi aulizwa: robo tatu ukigawanya kwa nusu, ni ngapi? Amefundishwa kanuni: geuza sehemu ya pili juu chini, kisha zidisha. Mara moja ajibu, Moja na nusu. Ni sawa. Sasa mwulize: mbona jibu limezidi robo tatu, nawe uligawanya? Wengi hapo hunyamaza. Lakini mpe vipimo vya wazee wetu. Pishi moja ni vibaba vinne, na kisaga, yaani nusu ya pishi, ni vibaba viwili. Weka robo tatu ya pishi ya mtama, ndiyo vibaba vitatu. Mna visaga vingapi humo? Kisaga kimoja, na nusu ya kisaga. Hapo mtoto ataona kwamba kugawanya si kupunguza tu. Ni kuuliza kitu kimoja kimo mara ngapi ndani ya kingine. Aliyeyaona hayo amekwenda mbele, ijapokuwa hakuhama dawati lake. Na aliyepandishwa madarasa mawili kwa kujua kanuni tu, amepanda ghorofani akaiacha ngazi yake haina vidato. Kwa hiyo kabla ya kumpandisha mtoto, tusimwulize jibu tu, tumwulize na sababu yake.

La nne ndilo lituumizalo zaidi, nalo ni habari ya mlango. Ni nani huonwa kuwa mtoto mwepesi? Katika wilaya moja kubwa ya shule huko Florida, ilikuwa desturi kwamba mtoto hupimwa kwa ajili ya madarasa ya wenye akili nyingi, si ya hesabu peke yake, ikiwa mwalimu au mzazi amemtaja. Kuanzia mwaka 2005 wakaacha kungoja kutajwa, wakawapima watoto wote wa darasa la pili. Wachumi David Card na Laura Giuliano walieleza mwaka 2016 yaliyotokea: watoto wa maskini, wa watu weusi, na wa wasemao Kihispania walioingia katika madarasa hayo waliongezeka sana. Walikuwako siku zote, ila hakuna aliyewataja. Kisha fedha zilipopungua na kupimwa kwa wote kukaachwa, tofauti za zamani zikarudi. Taarifa ya Iowa yajibu hofu ya wale wasemao kwamba kutanguliza watoto ni upendeleo, lakini haisimami mlangoni kutazama nani anaingia.

Wako waliotaka kuponya upendeleo huo kwa kuuondoa mlango kabisa. Katika mji wa San Francisco, tangu mwaka wa shule wa 2014, aljebra iliondolewa katika darasa la nane ili vijana wote waende pamoja. Wazazi wenye uwezo wakawalipia watoto wao masomo ya pembeni. Wasio na uwezo wakabaki na kile shule ilichotoa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza mwaka 2023 kwamba tofauti kubwa kati ya jamii na jamii katika hesabu za juu zilikuwa zingalipo. Mwaka 2024 baraza la shule la mji likaamua aljebra irudi. Jimbo la North Carolina lilikwisha kushika njia nyingine: sheria ya mwaka 2018 yasema kwamba mtoto wa darasa la tatu na kuendelea akipata daraja la juu kabisa katika mtihani wa hesabu, apewe somo la mbele pale linapopatikana, pasipo kungoja mzazi aje kuomba. Sisi twaiona njia hii kuwa ya haki. Mtoto ambaye baba yake hajui kubisha mlango wa mwalimu mkuu amefunguliwa mlango na kazi ya mikono yake mwenyewe.

Basi hukumu yetu ni nini? Taarifa ya Iowa yafaa kusomwa, na neno lake kuu ni la kweli. Zile mithali mbili zaweza kupatana, kila moja ikiwekwa mahali pake. Asiyefahamu, asiharakishwe, hata akijibu upesi namna gani. Aliyefahamu, asingojeshwe, hata akiwa mdogo namna gani. Wala tusitafute wepesi kwa wale wanaoinua mkono tu, au kwa wale wenye viatu. Mtoto ahesabuye chenji dukani bila kukosa, au ajuaye mbuzi wangapi wamepungua kabla ya mchungaji mkubwa kuhesabu, huyo naye apimwe.

Kwa walimu wenzetu twasema: mara moja kwa mwaka wapeni watoto wote hesabu za darasa lililo juu yao, mtazame. Kwa wazazi twasema: mwalimu akija kuwaambia kwamba mtoto wenu aende kuketi na wakubwa saa ya hesabu, msikatae kwa hofu ya maneno ya jirani, wala msikubali kwa tamaa ya sifa. Mwulizeni mtoto mwenyewe kama ataka, kisha mwambieni awaeleze ile hesabu ya vibaba vitatu.