Boti ya 1971 na boti ya 2019: ipi itainuka ikipinduka?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jaribio dogo. Jaza ndoo maji. Chukua chupa tupu, tia mchanga chini kiasi cha kuifanya ielee wima, funga kifuniko. Pembeni yake eleza sahani ya plastiki. Sasa visukume kwa kidole. Chupa inalala upesi, lakini ukiiachia tu inasimama. Sahani inakataa kuinama, imetulia kama meza. Basi ipindue kifudifudi. Imetulia vilevile, ila juu chini, na haitajigeuza hata ukiisubiri mpaka jua lizame.

Shika hilo kichwani, maana leo nataka kupinga ubishi mmoja maarufu wa wapenzi wa boti za tanga: za zamani na za sasa, zipi bora? Upande mmoja utakwambia ya kale ni dhahabu. Mwingine utakwambia dunia imesonga mbele, acha ushamba. Mimi mwenyewe nilipoanza kusoma uthabiti wa vyombo nilikuwa upande wa dhahabu. Sasa naona swali lenyewe limekaa vibaya.

Tuchukue boti mbili za kweli. Ya kwanza ni Contessa 32, iliyochorwa na David Sadler pamoja na Jeremy Rogers huko Uingereza, ikaanza kuuzwa 1971. Ya pili ni Oceanis 30.1 ya kampuni ya Beneteau ya Ufaransa, iliyotoka 2019. Kwa ukubwa ni kama ndugu: zote zina urefu wa zaidi kidogo ya meta 9.5, upana wa karibu meta 3, na uzito wa tani 4 hivi.

Tofauti iko kwenye mgawanyo wa huo uzito. Manahodha wetu wa majahazi wana neno farumi: mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo kisiyumbe. Contessa ina farumi ya tani 2 kwenye mkuku, karibu nusu ya uzito wote. Oceanis ina kama tani 1, yaani robo. Halafu Contessa inakuwa nyembamba kuelekea nyuma, wakati Oceanis inabeba upana wake mpaka mwisho. Ya kwanza ina tabia ya chupa, ya pili inaegemea upande wa sahani.

Tuwe wakweli lakini. Kwa matumizi ya watu wengi, Oceanis inaishinda Contessa vizuri tu. Upana wa nyuma umetoa chumba cha kulala chenye mlango, na nafasi ya kukaa familia nje bila kugongana magoti. Contessa ndani ni finyu, na kwa kuwa iko chini sana majini, ukienda joshi utaloa. Hata kwa mwendo, Oceanis iko mbele. Kasi ya boti ya namna hii inabanwa na urefu wa sehemu inayogusa maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa meta, zidisha kwa 2.43, unapata maili za bahari kwa saa. Contessa yenye meta 7.32 inapata kama 6.6. Oceanis yenye meta 8.65 inapata kama 7.1. Kwa siku nzima hiyo ni tofauti ya maili 12 hivi. Si haba.

Wapo wanaosema kasi hiyo ndiyo usalama wenyewe: utabiri wa hali ya hewa upo, dhoruba ikija unakimbia. Kwa safari ya siku moja karibu na pwani, sawa. Ila katikati ya bahari, dhoruba inayosafiri maili 25 kwa saa huiachi nyuma kwa nusu maili ya ziada.

Agosti 1979 dhoruba ya namna hiyo ilizikuta boti zilizokuwa kwenye mbio za Fastnet, kati ya Uingereza na Ayalandi. Zilianza boti 303. Mabaharia 15 wa mbio hizo walikufa. Katika daraja la boti ndogo kabisa ilimaliza moja tu, Assent, nayo ni Contessa 32.

Wachunguzi wakapiga mahesabu. Boti ikiwa wima ni nyuzi 0. Mlingoti ukilala juu ya maji ni 90. Ikiwa juu chini kabisa ni 180. Contessa inaweza kupita nyuzi 150 na bado ikarudi. Boti ya mashindano ya aina ya Grimalkin, ambayo ilipoteza watu 2 katika dhoruba hiyo, mwisho wake ulikuwa karibu nyuzi 117. Ikipita hapo inakuwa ile sahani yetu, na inabaki kifudifudi mpaka wimbi jingine liigeuze. Wewe uko chini yake.

Sasa angalia vizuri hapa. Contessa na Grimalkin zote ni boti za miaka ya 1970! Kwa hiyo kilichoziokoa au kuziponza si umri. Ni umbo, farumi, na kazi iliyokuwa kichwani mwa mchoraji alipokaa mezani. Anayenunua boti kuukuu kwa kuamini kwamba ukuukuu ni usalama anaweza kujinunulia Grimalkin. Tena hata Contessa yenyewe ina faiba ya miaka 50, na waya za mlingoti zilizochoka hazijali sifa za 1979.

Oceanis nayo haimdanganyi mtu. Kwa sheria za Ulaya imepewa daraja B: upepo hadi nguvu 8 ya Beaufort, mawimbi hadi meta 4. Upepo wa Fastnet ulifika nguvu 10. Kuilaumu Oceanis kwamba si boti ya dhoruba ile ni sawa na kuilaumu daladala kwa kushindwa kulima.

Lawama yangu naiweka kwenye namna tunavyolinganisha. Vipeperushi vya mauzo hutaja vitanda, jokofu na rangi ya mito. Nyuzi za mwisho za kujiinua ni nadra kuziona ukurasa wa kwanza, wakati hiyo ndiyo namba inayoamua kama utarudi nyumbani.

Uamuzi wangu? Familia, pwani, wikiendi: Oceanis, bila kusita. Kuvuka bahari kuu na wenzako wawili: Contessa iliyokaguliwa vizuri. Na kwa boti yoyote nyingine, uliza maswali matatu kabla ya kuuliza mwaka: farumi ni sehemu gani ya uzito wote, inajiinua mpaka nyuzi ngapi, na ilichorwa kwa bahari gani. Muuzaji akishindwa kujibu la pili, muombe mchoro wa uthabiti. Asipokuwa nao, pesa yako iache mfukoni kwanza.