Padri Paneloux na Munganga Rieux

Albert Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, akafa katika ajali ya motokari mwaka 1960. Alifundisha kwamba moyo wa mtu wauliza maana ya maisha, na ulimwengu haujibu neno. Walakini mtu asijiue, bali adumu akishindana. Twapenda kupima fundisho hilo katika kitabu chake La Peste (1947), kwa maana humo ametia padri mmoja.

Tauni yaingia mji wa Oran, malango yafungwa. Padri Paneloux, Mjezuiti, awahubiri watu kwamba wamestahili pigo hilo. Halafu ajiunga na wasaidizi wa munganga Rieux, mtu asiyesadiki Mungu. Pamoja wamtazama mtoto mmoja akiteswa mpaka kufa. Padri ahubiri tena. Lakini safari hii hawaambii watu «ninyi», asema «sisi».

Neno hilo moja ndilo zuri kupita yote kitabuni. Ebola ilipoua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka 2018 hata 2020, ni mfiwa gani angefarijiwa kwa kuambiwa «ninyi»?

Lakini Camus apungukiwa mara mbili. Kwanza, Paneloux wake afundisha kwamba sherti kupokea yote ao kukana yote, hata mateso ya mtoto. Hiyo si imani ya Eklezia. Yezu alimlilia Lazaro. Kule Getsemani aliomba kikombe kimwondokee. Alimtii Baba, hakuyapenda maumivu yenyewe.

Pili, Rieux akasirika kwa kifo cha mtoto yule. Kama ulimwengu hauna maana, kifo hicho ni kama jani kuanguka, na hakuna wa kukasirika. Hasira yake yashuhudia kwamba mtoto alikuwa na thamani, wala si Rieux aliyempa. Thamani hiyo yatoka wapi? Hapo kitabu chanyamaza.

Hata hivyo tusimdharau munganga huyu. Hajui kwa nini, lakini kila asubuhi aenda kwa wagonjwa. Wako wanaojua kwa nini, na hawaendi. Mseminari na akisome kitabu hiki kabla ya mazishi ya kwanza atakayoongoza. Na siku ile, mbele ya kaburi dogo, aanze na «sisi».