Ramani, Ukuta na Boma: Uhakiki wa Istilahi za Uchoraji wa Majengo

Makala haya yanahakiki istilahi tatu zinazotumiwa mchoraji anapozisimamisha kuta za jengo katika kompyuta kutokana na ramani iliyochorwa bapa. Shabaha yetu si kurefusha orodha ya maneno mapya, bali kupima kama maneno yaliyopo yanawawezesha mwalimu wa ufundi, fundi mwashi na ofisa wa ardhi kuelewana. Mifano tumeichukua Mkoa wa Singida, ambako ujenzi wa tembe na ujenzi wa matofali vyote viwili vinajulikana. Tofauti ya nyumba hizo inazidhihirisha kasoro za istilahi.

Ramani ya sakafu ni mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa kwa ulalo, yapata mita 1 hadi 1.2 juu ya sakafu, kisha likatazamwa kutoka juu. Ukuta huonekana kama mistari miwili sambamba. Programu ya AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilianza kwa kuichora mistari hiyo kama ilivyochorwa karatasini. Katika programu za aina ya Revit, iliyotoka mwaka 2000, ukuta si mistari tena, bali ni kitu chenye unene, kimo na mahali pa kuanzia. Kwa hiyo mchoraji huulizwa maswali ambayo karatasi haikumwuliza, na majibu yake yahitaji maneno dhahiri.

Kwanza, neno ramani. Mwananchi wa Singida akiambiwa katika ofisi alete ramani, aweza kuleta ya kiwanja, iliyotokana na upimaji, au ya nyumba anayotaka kujenga. Zote ni ramani, wala hakukosea. Hatuoni haja ya kulifukuza neno lililokwisha kukubaliwa. Twaonelea lisiachwe peke yake. Iandikwe ramani ya kiwanja, ramani ya sakafu, au ramani ya nyumba pale inapokusudiwa michoro yote ya jengo.

Pili, neno ukuta. Hapa kasoro ni kubwa zaidi. Mtafsiri akiutumia ukuta kwa kila kitu kinachosimama, huiacha tofauti ambayo Kiswahili kinayo tayari. Katika tembe, paa la udongo hubebwa na boriti zilizolala juu ya nguzo zenye panda. Miti iliyosimamishwa baina ya nguzo na kukandikwa udongo kazi yake ni kuziba nafasi. Hicho ni kiambaza. Katika nyumba nyingi za matofali, kuta ndizo hubeba paa. Programu nazo humtaka mchoraji aseme kama ukuta unabeba uzito au haubebi. Basi mwalimu anayetafuta jina la ukuta usiobeba analo neno kiambaza karibu naye, lakini twamwona akihangaika na maelezo marefu.

Unene nao una lugha yake. Mafundi husema tofali za kusimamisha na tofali za kulaza. Tofali la inchi 6 kwa 9 likisimamishwa, ukuta huwa na unene wa sentimita 15 hivi. Likilazwa, huwa 23 hivi. Tuchukue chumba cha mraba kilichopimwa mita 3.6 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta wa pili. Kwa tofali za kusimamisha, nafasi ya ndani ni mita 3.45 kila upande. Kwa tofali za kulaza ni 3.37. Chumba kimepungua zaidi ya nusu mita ya mraba, na ramani haikubadilika hata kidogo. Mwalimu asiyetofautisha mstari wa kati wa ukuta, uso wa ndani na uso wa nje humpeleka mwanafunzi katika kosa litakaloonekana wakati wa kuingiza kitanda.

Tatu, neno modeli. Kusema kwamba mtu anamodeli kuta hakumfundishi asiyejua. Mafundi wana kitenzi kupandisha ukuta, na kuta zilizokwisha kupanda bila paa huziita boma. Serikali yenyewe huzungumzia kukamilisha maboma ya madarasa na zahanati. Kilichomo katika kompyuta baada ya kuta zote kupandishwa ni boma hasa.

Huenda tukapingwa kwamba boma lina maana nyingi: ni zizi la mifugo, tena ni makao ya utawala, kama yale ya Wajerumani huko Kilimatinde na Mkalama. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi kulikataa neno. Maana hizo hazigongani darasani, muktadha huzitenga. Modeli na ibaki kwa jengo zima, pamoja na paa, milango na madirisha yake.

Tangu Baraza liundwe kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi umekuwa miongoni mwa kazi zake. Usanifishaji huo hauna budi kuanzia kwenye jukwaa la mwashi kabla ya kufika kwenye meza ya mtafsiri. Twapendekeza basi: ramani ya sakafu, mstari wa kati, kiambaza, kupandisha ukuta, na boma. Walimu wa ufundi wayajaribu darasani, na mafundi waulizwe kabla hayajapitishwa.