Fundi wa Nyasi Kavu

Ukitaja ufundi wa nyasi hapa Kisumu, kila mtu atakuonyesha mnana, yule wa njano anayening'iniza viota kwenye mafunjo ya Dunga. Simnyimi sifa zake. Ila fundi wangu mimi ni jirani yake mdogo zaidi: ndege wa samawati mwenye doa jekundu shavuni, anayedonoa mbegu za nyasi uani pamoja na mwenzake, katikati ya kuku. Urefu wake ni sentimita 13 hivi, uzito gramu 10 tu. Jike hana lile doa. Linnaeus alimpa jina la bengalus mwaka 1766 akidhani katoka Bengal, kumbe ni wa Afrika na Bengal haijui.

Mnana hupiga fundo, huyu hapigi. Hubeba unyasi mkavu mmoja mmoja, mara nyingi mrefu kumshinda mwenyewe, akachomeka ncha kichakani, akaupinda, kisha akaenda kutafuta mwingine. Mwanzoni ni fujo tupu, unaona kabisa upepo utaizoa. Lakini unyasi uliopindwa hutaka kunyooka, na ukizuiwa na wenzake hubana. Kwa kubanana huko tufe hushikamana, mlango ukiwa ubavuni. Ndani hutandikwa manyoya, hata ya kuku. Mara nyingine huchagua tawi lililo jirani na nyigu, na hapo nani atamsogelea? Mara nyingine tena hujiingilia kiota kilichoachwa na mnana. Fundi naye huchoka.

Unyasi huohuo ndio posa. Dume huuma ubua mmoja, akarukaruka tawini huku akiimba. Mwaka 2015 watafiti Nao Ota, Manfred Gahr na Masayo Soma walichapisha walichokiona kwa nduguye mwenye kichwa cha samawati, wa sehemu kavu za Afrika Mashariki, baada ya kumrekodi kwa kamera ya picha 300 kwa sekunde. Katika kila mruko miguu hupiga hatua kadhaa, upesi kiasi kwamba jicho letu halizioni. Jike naye hucheza vivyo hivyo.

Nyua za mnyaa, ambamo viota hivi hujificha, zinazidi kung'olewa, kuta za mawe zinajengwa. Ukiamua kukata wako, kagua matawi kwanza. Ukikuta furushi la nyasi lenye mlango ubavuni, liachie mwezi mmoja. Makinda watakuwa wameshatoka.