Hongera, Kiti Cheusi

Mastermind ya BBC, iliyoanza Uingereza mwaka 1972, haina madoido: kiti cheusi, taa na muuliza maswali. Mbunifu wake, Bill Wright, aliwahi kuwa mateka wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Mahojiano aliyofanyiwa huko akayageuza mchezo. Mshiriki huulizwa kwanza mada aliyojichagulia, kisha maarifa ya jumla, na hapo hata mjuzi hutoka jasho. Magnus Magnusson aliuongoza kwa miaka 25. Swali aliloanza kulisoma alilimaliza hata muda ukiisha. Mshindi hapewi fedha, ila bakuli la kioo, na mimi naipongeza BBC zaidi kwa hilo. Mwaka 1980 alilitwaa Fred Housego, dereva wa teksi wa London.