Aliyekaa Kwenye Keria Haandiki

Vitabu vya mzazi na mtoto waliosafiri mbali kwa baiskeli vina tabia moja ambayo nilichelewa kuiona. Anayeandika ni yule aliyeshika usukani. Mtoto yuko nyuma, ananyonga kidogo, anasinzia, anaulizia chakula. Miaka ikipita kitabu kinatoka, na yeye yumo ndani kama mzigo unaopendwa sana.

Wazo hili lilinijia nikisoma Rising Son cha Charles R. Scott, kilichotoka mwaka 2012. Mwaka 2009 Scott, mfanyakazi wa Intel aliyekuwa akiishi New York, alikwenda Japani, nchi ya asili ya mama wa mwanawe, akaikata kutoka Soya, ncha ya kaskazini, hadi Sata, ncha ya kusini. Kilomita kama 4,000, siku 67. Nyuma yake alikuwa mwanawe wa miaka 8, juu ya kibaiskeli kilichounganishwa na cha baba, kwa hiyo mtoto naye ana pedeli zake lakini hana usukani.

Nikiri mapema: kitabu nilikipenda. Kina mvua, kina milima isiyoisha, kina ile njaa ya jioni ambayo mtu aliyeendesha baiskeli kutwa nzima ndiye tu anaijua. Nikasoma kurasa nyingi kwa mkupuo mmoja. Ila kadiri walivyozidi kupanda ndivyo nilivyozidi kumtafuta mtoto nisimpate. Simaanishi hayumo. Yumo kila ukurasa, anasema, anacheka, anachoka. Lakini kila neno lake limepita kwanza kwenye chujio la baba, na baba, kama wazazi wote, huokota yale maneno yanayomwonyesha mtoto ana akili na safari ilikuwa na maana. Yale ya kuchosha, ya kukera, ya "nataka kurudi nyumbani" yaliyorudiwa mara hamsini kwa siku, tunapewa kwa kijiko.

Joe Kurmaskie, katika Momentum Is Your Friend (2006), amewavuta wawili: wa miaka 7 na wa miaka 5, kutoka Portland, Oregon, hadi Washington DC. Yeye ni mchekeshaji, na nilicheka kweli. Lakini kicheko nacho ni usukani. Mwenye kuchekesha ndiye anaamua tunageukia wapi.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu hivi vinalipita haraka: hawa watu wangeweza kupanda treni. Silisemi kwa kijicho. Baiskeli kwao ni uamuzi, na uamuzi huo ndio unaoifanya safari iwe kitabu. Ukiondoa uamuzi, unabaki na nini?

Unabaki na India, Mei 2020. Shughuli zimefungwa kwa sababu ya korona, vibarua wamekwama mijini bila kazi wala nauli. Msichana wa miaka 15 anampakia baba yake, dereva wa bajaji aliyeumia kwenye ajali, juu ya baiskeli ya mtumba, wanaondoka Gurugram kuelekea kwao Darbhanga, jimbo la Bihar. Kilomita kama 1,200. Safari hii mtoto ndiye aliyeshika usukani na mzazi ndiye aliyekaa kwenye keria. Jina la msichana lilizunguka dunia. Mimi nitaliacha, alikuwa mtoto. Shirikisho la mbio za baiskeli la nchi yake likamwita afanye majaribio. Ivanka Trump akaandika mtandaoni kuisifu safari ile, kwamba ni uvumilivu mzuri na upendo. Wahindi wengi wakamjia juu: uzuri gani? Ule ulikuwa umaskini unanyonga pedeli.

Nilikuwa upande wao, na bado nipo. Lakini angalia, hata hapo msimulizi si mwenye safari. Usukani wa baiskeli alikuwa nao, usukani wa habari ukachukuliwa na sisi, watu wa magazeti. Tuliandika urefu wa njia, umri wake, bei ya baiskeli. Sikumbuki kusoma popote walikuwa wakizungumza nini, yeye na baba yake, saa nane mchana barabarani. Labda hawakuzungumza kabisa.

Mimi na baba yangu hatukuzungumza. Nilikuwa na miaka 9, fedha za pamba zilikuwa hazijalipwa, na nilitakiwa kwenda Mwanza kuishi kwa shangazi ili nisome. Nauli haikuwepo. Tukatoka Magu alfajiri kwa Phoenix yake, begi langu limefungwa mbele, mimi kwenye keria. Kama kilomita 60. Safari hiyo nimewahi kuiandika, msomaji wa siku nyingi hapa huenda anaikumbuka: jasho lililochora ramani kwenye shati lake, daraja la Simiyu, wauza miwa wa Kisesa waliotupungia mkono. Niliiandika nikiamini kabisa kwamba hatimaye aliyekaa kwenye keria amepata kusema.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hao wauza miwa uliwaona saa ngapi, mama?"

Nikamwambia, tukipita Kisesa.

"Wewe ulilala tangu Nyanguge. Nilikufunga mgongoni kwangu kwa khanga ya mama yako, usije ukaanguka. Umeamka kwa shangazi yako."

Nilibisha kidogo. Hakubishana nami, alikwenda kuwafungia mbuzi.

Basi nimekirudia kitabu cha Scott kwa adabu zaidi. Malalamiko yangu sijayafuta. Bado natamani yule mtoto wa miaka 8, ambaye sasa ni mtu mzima, siku moja aiandike Japani yake, hata kama nusu yake aliiota. Ila nimeacha kudhani itakuwa ya kweli kuliko ya baba. Na kuna sehemu ambayo ningeisoma kuliko zote, nayo haimo kwenye kitabu chochote kati ya hivi: baba akirudi Magu siku ya pili, keria tupu. Nilimuuliza juu ya hiyo pia. Akasema upepo ulikuwa wa mbele.