Vumbi la Oldonyo Sambu

Kiangazi, upande wa Mlima Meru usiopata mvua nyingi, gari likiacha lami ya Namanga na kuchepukia Oldonyo Sambu hufukuzwa na wingu la vumbi laini la volkano. Chukua punje moja yenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Sheria za kwanta haziikatazi kuwa hapa na pale kwa wakati mmoja, kama elektroni. Mbona basi hatuioni hivyo?

Mwaka 1985 wanafizikia Erich Joos na H. Dieter Zeh walikokotoa jibu. Punje haiko peke yake. Molekuli za hewa huigonga zaidi ya mara trilioni laki moja kila sekunde, na kila kinachoigusa huondoka na habari ya mahali ilipo. Habari ikishasambaa hivyo, zile hali mbili haziwezi tena kuingiliana, ndiyo dikoherensi. Kisha wakaondoa hewa, wakazima jua, wakaiacha punje katika anga tupu, ikiguswa tu na mionzi hafifu iliyobaki tangu uchanga wa ulimwengu, yenye joto la Kelvini 2.7. Hata hiyo ilitosha: mahali pawili palipoachana kwa upana wa punje yenyewe hupoteza uwezo wa kuingiliana kwa takriban sekunde moja. Ufundi wa kuvua tabaka baada ya tabaka namna hii, hadi kubaki sababu tupu, naustahi kuliko mitambo yote ya maabara.

Ulimwengu mzima ndio ulioutia ufundi huo majaribuni. Hauna nje, wala hewa ya kuugonga. Mlinganyo wa Wheeler na DeWitt, wa 1967, unaoueleza ulimwengu wote kwa kwanta, hauna hata muda ndani yake. Miaka ya 1980 wanafizikia Claus Kiefer na Jonathan Halliwell walitafuta mashahidi ndani kwa ndani: ukubwa wa ulimwengu upande huu, viwimbi vidogo vya maada na mvutano upande ule. Viwimbi hivyo hubeba habari ya ukubwa, na ukubwa ukaanza kuenenda kama kitu cha kawaida, chenye jana na kesho.

Wapo wanaosema swali limekwisha. Sikubaliani nao. Hesabu inaeleza kwa nini hali mbili haziingiliani tena. Haielezi kwa nini tunakutana na hii, si ile. Zeh alijibu kwamba zote zinaendelea, kila moja na waangalizi wake. Jibu hilo linanisumbua, na sijaona hoja iliyoliangusha.